Bendi Kubwa na Sakafu ya Karafuu

Kwa miaka yote niliyoishi kwa muziki, mama yangu alikuwa na jibu moja tu kwa watu waliomuuliza habari zangu. Husema nipo Dar, kazini. Akibanwa aseme kazi gani, hujibu kuwa ni ya kusafirisafiri, kisha humkaribisha mgeni chai na mambo yakaishia hapo. Wapo waliodhani mimi ni mpishi wa melini. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, mpaka leo akiniona huniuliza bahari ilikuwaje.

Sikuudhika, ingawa mimi ni mtu wa kuudhika haraka na wote wanaofanya kazi nami wanalijua hilo. Nilijua mama haoni haya kwa ajili yangu. Alikuwa hana jina la kuipa kazi yenyewe, na kusema kweli hata mimi hunipa taabu kuieleza nikiwa Pemba. Natunga muziki wa jazi na naongoza bendi kubwa. Ukisema bendi, watu wetu huona spika mbili na kinanda cha umeme kwenye harusi. Yangu ina safu ya saksafoni mbele, tromboni nyuma yao, matarumbeta nyuma kabisa, halafu piano, besi na dramu pembeni. Kila mpigaji ana karatasi yake ya nota, na karatasi zote nimeziandika mimi. Wakipiga, mimi husimama mbele nikiwagawia zamu kwa mikono, na nikikasirika, kwa macho.

Nimefikaje huko ni hadithi fupi. Shuleni kwetu kulikuwa na matarumbeta machache yaliyopigwa na wavulana siku za sherehe, sisi wasichana tukaambiwa tuimbe. Nikaimba, huku nimenuna. Baadaye nilipelekwa Dar kwa mjomba nikasome, na nyuma ya nyumba ya mjomba alikuwa akiishi mzee aliyewahi kupiga saksafoni katika bendi za dansi. Nilikuwa nikikaa ukutani kumsikiliza mpaka alipochoka kuniona nimekaa bure, akanipa chombo mkononi. Kutoka hapo nikawa nanakili nota za bendi za mahotelini, kisha nikawa nazipanga, kisha nikachoka kuona nyimbo zangu zinaongozwa na watu wenye haraka zao. Nikaunda bendi yangu. Tumepiga katika miji ya baridi ambako watu walisimama kutupongeza bila kujua Pemba iko upande gani wa dunia. Nimeridhika na maisha haya, sina ninalolidai.

Lilikuwa limebaki jambo moja. Mama hakuwahi kuisikia bendi.

Na kulikuwa na utungo mmoja hasa niliotaka ausikie, kwa sababu ulikuwa wake. Nyumbani kwetu ni kwenye vilima vya kuelekea Wesha, kwenye mikarafuu. Msimu ukifika, wachumaji huleta mapakacha ya karafuu zikiwa bado kwenye mashada, na wanawake hukaa barazani kuzichambua. Unaliweka shada kiganjani, unalisukuma kwa kiganja cha pili, karafuu zinadondoka huku na makonyo, vile vijiti vyake, unayatupa kule. Kila mkono una mwendo wake. Wa mama ulikuwa wa misukumo miwili ya haraka na mmoja wa polepole, kisha kimya kidogo, kisha tena. Utoto wangu wote nimelala nikiisikia sauti hiyo upande wa pili wa dirisha. Nilipokuwa mtu mzima nikaiandikia muziki: brashi za dramu zikawa mikono ya mama, saksafoni mbili zikawa mazungumzo ya wanawake. Kipande hicho huzunguka, yaani hurudiwa na kurudiwa kwa sauti ya chini, mpaka mimi nikunje ngumi juu. Nikikunja ngumi, matarumbeta hulipuka kwa pamoja na utungo unaisha kwa kishindo. Kishindo hicho ndicho kilichokuwa kikituletea makofi.

Niliwahi kumsikilizisha mama kwenye simu. Alisikiliza kwa adabu, akasema ni mzuri, ila mbona watu wamo ndani ya debe.

Sikio lake la kulia lilikuwa limekwisha kufa zamani. Mwaka juzi dada yangu, anayeishi naye, akanipigia kuniambia kuwa la kushoto nalo linafunga, na daktari amesema halitazuilika. Walimpa kifaa cha kusikilizia. Alikivaa asubuhi moja akakivua, akasema kinawafanya kuku wapige kelele mno. Nilicheka kwenye simu, nikaikata, nikakaa kitandani nikiogopa. Kama mama angeisikia bendi yangu, basi ilikuwa sasa, la sivyo basi.

Nikawaambia wapigaji wangu tunakwenda Pemba. Nilipanga kila kitu mwenyewe, maana simwamini mtu kupanga. Nikapata ukumbi mjini Chake, nikapata meli, nikapata nyumba ya kulala. Nikachagua tarehe kwa kuangalia lini wapigaji wangu wana nafasi. Mtoto wa Pemba, niliyezaliwa kwenye karafuu, sikuuliza karafuu zikoje.

Vyombo vikubwa vilitangulia kwa mashua ya mizigo hadi Wesha. Mimi na mpiga besi tulikwenda kuvipokea. Besi yake ni ya kusimama, husafiri ndani ya sanduku refu jeusi lenye mabega, na mara lilipotolewa chomboni gumzo lote la gatini likafa. Wanaume wanne walilitia mabegani bila kuambiwa. Wakaanza kwenda nalo taratibu, na kila waliyempita aliinuka, akasogea, akaingiza bega hatua chache kisha akampisha mwingine, kama ada ya jeneza ilivyo kwetu. Mpiga besi, mtu wa Bara, alitembea nyuma yao akiwashukuru kwa moyo wote, ameguswa na ukarimu wa Wapemba. Nilitakiwa kusema neno. Lakini nyuso zile zilikuwa na heshima kubwa mno, nikashindwa nianzie wapi. Tulipofika kwenye gari, mzee mmoja alinipa mkono wa pole na kuniuliza marehemu ni nani wetu. Ilinibidi niseme. Alilitazama sanduku, akanitazama mimi, akasema alhamdulillah basi, bora liwe zumari kuliko mtu.

Kwenye gari tulicheka mpaka machozi. Kicheko kilikauka tulipoanza kupanda vilima, nikaona majamvi. Kila uwanja, kila ukingo wa barabara, kila sakafu ya saruji ilikuwa imeanikwa karafuu. Mikarafuu ilikuwa imezaa mwaka ule kuliko ilivyotarajiwa na imewahi. Mitini kulikuwa na watu. Nilijua hapohapo ukumbini hatakuja mtu.

Hakuja kweli. Tulipiga mbele ya mlinzi wa ukumbi, walimu wawili na mwanamke aliyekuwa akiuza sharubati mlangoni, ambaye alitoka na kuingia. Wapigaji wangu ni wastaarabu, walipiga kana kwamba ukumbi umefurika. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kiti cha mbele nilichomwekea mama, upande ambao sikio lake la kushoto lingeelekea saksafoni. Alikuwa ametuma salamu. Yameletwa mapakacha mengi, hawezi kuwaachia wenzake uchambuzi.

Nilikwenda nyumbani asubuhi yake nikiwa nimefura. Nilimwambia dada kwamba nimevusha bahari watu wote wale na vyombo vyote vile kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu mmoja huyo amechagua makonyo. Dada aliendelea kugeuza karafuu kwa mguu, taratibu, kama nazungumza na jamvi. Nilipomaliza akaniuliza hao watu wangu wanaondoka lini. Nikamwambia kesho. Akasema basi leo wana nafasi, walete hapa.

Nilimwambia bendi kubwa haipigwi uani. Akaniuliza kwa nini. Nikatafuta sababu, na nilizozipata zote zilikuwa za kijinga.

Dada alikwenda mwenyewe kwa sheha, mkuu wa kijiji chetu, kuomba ruhusa. Sheha aliuliza tu kama tutamaliza kabla ya magharibi, akaahidi kuja kama mgongo utamruhusu, maana na yeye alikuwa na karafuu zake. Baada ya swala ya alasiri tukapanga viti. Baraza yetu iliwatosha saksafoni na dramu. Tromboni walikaa kwenye ngazi, matarumbeta nikawaweka chini ya banda la makuti, piano ya umeme juu ya meza ya kulia chakula. Mbele yetu ilikuwa sakafu yenyewe, imejaa majamvi ya karafuu zilizokwisha kuanza kuwa nyekundu. Mama alikaa juu ya mkeka pale barazani, sikio la kushoto karibu kabisa na saksafoni, na mbele yake fungu lake la mashada. Nilimwomba apumzishe mikono asikilize. Akanijibu kuwa hasikii kwa mikono.

Watu walikuja na mapakacha yao. Wanawake walikaa upande wa mama wakichambua, wanaume wakakaa upande wa banda, na wengine walibaki mitini na kusikiliza hukohuko juu. Sijawahi kupata wasikilizaji namna ile. Hawakupiga makofi, kwa kuwa mikono ina kazi, lakini utungo ukiisha utasikia mtu anasema mashaallah, na mti nao ukaitikia. Mchumaji mmoja kutoka Kojani, aliyekuja kwa msimu, aliuliza kama yule wa tarumbeta la kuvuta haumii bega. Mpiga tromboni akajibu kuwa huumia sana, na wakawa marafiki.

Utungo wa mama nikauacha uwe wa mwisho. Ukaanza vizuri. Tukafika kwenye kipande cha kuzunguka, brashi zikaingia kwa mwendo wa mkono wake, misukumo miwili na mmoja, na nikageuka ili nimtazame. Ndilo nililolivukia bahari, uso wake wakati huo. Kabla sijamaliza kugeuka, dada yangu akasema mvua. Hakupaza sauti, alisema neno hilo tu.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Karafuu iliyoanikwa ikinyeshewa imeharibika, na kazi ya msimu mzima imekwenda. Kwa hiyo kwetu mvua ikitajwa, kila aliye karibu huacha alilonalo na kuanua, hata kama ni mpita njia, hata kama karafuu si zake. Watu wasiosalimiana hushika ncha mbili za jamvi moja, wakalikunja, wakaliingiza ndani, kisha wakarudi kwenye kutosalimiana kwao. Hakuna anayefundishwa. Unazaliwa ukiwaona watu wanakimbia, nawe unakimbia.

Nilikimbia. Miguu ilikwenda kabla sijaiambia. Nilishika ncha ya jamvi, mwenzangu akashika nyingine, tukakunja, tukaburura, tukarudi. Wachumaji waliruka kutoka mitini. Sheha, ambaye mgongo ulikuwa umemruhusu kuja, alibeba gunia ambalo nina hakika mgongo haukumruhusu. Matone makubwa yalianza kudondoka. Nilikuwa nimeinama na karafuu zimenijaa kwenye mikono ya nguo, ndipo nikatambua kwamba muziki bado unaendelea.

Nimewafundisha wapigaji wangu amri moja kwa ukali: kipande cha kuzunguka hakiachwi mpaka ngumi yangu. Niliwahi kumrudisha mtu nyumbani kwa kukiacha. Na ngumi yangu ilikuwa sakafuni, imeshika jamvi. Wenzangu wale wa Bara waliona kiongozi wao ametimua mbio, wasikilizaji wote wametimua mbio, mvua inakuja, na hawakujua limetokea nini. Wakazunguka. Wakamaliza, wakarudi mwanzo, wakazunguka tena, kwa sauti ya chini kama ilivyoandikwa, wakitazamana.

Hawakuwa na msikilizaji ila mmoja. Mama magoti yake hayakimbii tena, kwa hiyo alibaki kwenye mkeka wake, peke yake, amezungukwa na bendi nzima.

Tulipolitia ndani jamvi la mwisho nilirudi barazani nikihema, makonyo kichwani. Mpiga dramu aliponiona alinitazama kwa macho ya mtu aliyeokolewa. Nikainua mkono nikunje ngumi, kile kishindo kije na tumalize. Matarumbeta wakaweka vyombo mdomoni. Nikamtazama mama.

Alikuwa amefumba macho. Uso ameuelekeza kwenye saksafoni, mdomo umelegea kidogo, na mikono inakwenda. Misukumo miwili ya haraka na mmoja wa polepole, kisha kimya kidogo. Brashi na kiganja vilikuwa kitu kimoja, wala hakuna kilichokuwa kikikifuata kingine. Nililia. Sikulia sana, ila nililia mbele ya watu ambao kwa miaka mingi wananijua kwa ukali tu.

Sikuikunja ngumi. Niliacha mkono wazi hewani, na bendi ikaendelea, huku nikilitazama fungu lililo mbele yake. Mashada yalikuwa yanapungua. Yalipobaki machache niliwapunguza tromboni, kisha piano, kisha besi. Lilipobaki moja kulikuwa na saksafoni moja na brashi tu. Mama akalisukuma, karafuu zikadondoka, akalitupa konyo. Nikashusha mkono.

Mvua ilikuwa inanyesha sawasawa sasa juu ya makuti. Mama alifumbua macho, akawatazama wapigaji mmoja mmoja mpaka nyuma kwenye banda, walikokuwa watu wa matarumbeta na huzuni zao, kishindo chao hakikupigwa. Akaniambia, "Kumbe wano walikuwa waningoja miye."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya, nshamaliza," akasema. "Wape wale."

Wakala. Dada alileta mkate wa kumimina na chai ya mdalasini, na mpiga besi akala chakula cha watu wawili. Mama aliwahimiza waongeze na hakuniambia neno jingine juu ya muziki, si siku ile wala siku zilizofuata. Sikumwuliza. Nilikuwa nimeshiba.

Sikio la kushoto limefunga kabisa sasa. Ukizungumza naye, hukutazama mdomo, na akichoka kutazama hugeuka akaendelea na yake. Utungo wake tunaupiga hivyohivyo ulivyoishia siku ile, chombo kimojakimoja kikiondoka. Watu wa matarumbeta walilalamika mwaka mzima wakitaka kishindo chao. Nimewaandikia vishindo kwingine.

Msimu huu nilikwenda kumsaidia, na safari hii niliuliza kwanza karafuu zikoje. Tulikuwa tumekaa barazani, yeye na fungu lake, mimi na langu, alipoingia mgeni wa dada, mama mmoja wa Vitongoji asiyenijua. Baada ya salamu akaniuliza ninashughulika na nini huko Dar. Nilikuwa natafuta la kumjibu, kama kawaida yangu, lakini mama alikuwa ameutazama mdomo wa mgeni na akaliona swali.

"Yuno ana watu wake Bara," akasema, bila kuinua kichwa. "Hupiga mpaka nmalize fungu langu."

Mgeni alitabasamu kwa adabu, haelewi kitu. Fungu langu lilikuwa limekwisha, nikanyoosha mkono nikachukua shada kutoka kwenye la mama.